Laptopu kuukuu inayopiga kelele: isikilize feni kabla hujashika bisibisi

Feni ya laptopu haifi ghafla. Hutoa taarifa mapema, pengine miezi kadhaa kabla, na mwenye laptopu huizoea ile kelele mpaka siku mashine inapojizima katikati ya kazi. Laptopu ninazofungua mimi ni za ndugu, majirani na walimu wenzangu hapa Dodoma. Nyingi zilitengenezwa kati ya mwaka 2010 na 2014, na zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika. Katika kuzihangaikia nimeona kwamba sikio ndilo linalofanya kazi kubwa, hata kabla ya bisibisi. Kila kelele ina chanzo chake. Asiyesikiliza kwanza hutia mafuta feni iliyokuwa ikidai kusafishwa tu, au hununua feni mpya kumbe ni waya uliokuwa ukigusa mapanga.

Basi anza hivi. Weka laptopu juu ya meza tupu, zima redio na pangaboi, kisha iwashe ikiwa bado ya baridi. Iache dakika chache. Baada ya hapo ipe kazi nzito kidogo, kama video ya ubora wa juu, usikie feni inavyopandisha kasi. Feni za laptopu huzunguka mara 2,000 hadi 5,000 hivi kwa dakika, kwa hiyo kasoro ndogo sana hujirudia mara nyingi kiasi cha kuwa sauti moja isiyokatika.

Ukisikia uvumi mzito wa upepo ambao haushuki hata ukifunga programu zote, shuku vumbi. Feni yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ila joto halina pa kutokea na inalazimika kukimbia muda wote. Mkwaruzo au msago unaokuwa mkali wakati wa kuwasha na kupungua mashine ikipata joto ni dalili ya mafuta yaliyokauka. Ili kuhakikisha, inua laptopu taratibu upande mmoja, halafu upande wa pili. Sauti ikibadilika kwa kuinamishwa tu, mhimili wa feni unacheza ndani ya bushi yake. Tahadhari: kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka, inamishe polepole sana, maana diski hizo hazipendi kutikiswa zikiwa kazini.

Tiktiki inayoongeza kasi pamoja na feni maana yake kuna kitu kinagusa mapanga: waya uliotoka kwenye njia yake, kipande cha plastiki kilichovunjika, au mfuniko wa chini uliobonyea. Kuna pia mluzi mwembamba unaobadilika ukisogeza ukurasa kwenye skrini. Huo hautoki kwenye feni. Unatoka kwenye koili za umeme za mazabodi, na hata ukibadilisha feni utabaki pale pale.

Kelele ya kuogopa kuliko zote ni ile ya diski. Laptopu za miaka hiyo nyingi zilitoka na diski ya kuzunguka, na diski inayoelekea kufa hupiga tak, tak, tak, kisha mashine yote ikaganda kidogo. Watu wengi huidhania feni. Feni hukaa karibu na tundu la upepo la ubavuni au nyuma, na sauti yake hufuata joto. Diski mara nyingi huwa mahali pengine, chini ya kiganja, na sauti yake hufuata kufungua na kuhifadhi mafaili. Ukigundua ni diski, achana na makala hii, nakili kazi zako sehemu nyingine sasa hivi, kisha ndiyo ufikirie mengine.

Mwaka jana binti wa dada yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Laptopu yangu inasaga, na fundi kaniambia ninunue nyingine."

"Marahaba mama. Inasaga muda wote au ukiiwasha tu?"

"Asubuhi ndiyo balaa. Ikishachemka inatulia kidogo, ila ikiwa kwenye meza tu. Nikiiweka mapajani inasaga tena."

Alikuwa ameshanipa jibu bila kujua. Kusaga asubuhi ni mafuta, kubadilika kwa mkao ni mhimili. Kumwambia mwanafunzi anunue laptopu nyingine kwa sababu hiyo ni kumuumiza, na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mashine ile ndiyo maktaba yake, daftari lake na njia yake ya kuwasilisha kazi kwa wahadhiri.

Kabla ya kufungua nilipima joto. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo HWMonitor. Kwenye Linux unaweka kifurushi cha lm-sensors kisha unaandika neno sensors kwenye dirisha la amri. Laptopu kuukuu iliyotulia ikiwa kwenye nyuzi 45 hadi 60 haina ugonjwa mkubwa. Ikifikia 80 bila kazi yoyote, kuna kizuizi. Prosesa nyingi za Intel za miaka hiyo hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100 hivi ili zisiungue, na ndiyo maana laptopu yenye vumbi huonekana nzito hata ukiifuta programu zote na kuiwekea mfumo mpya. Laptopu za ThinkPad zina utaratibu mkali zaidi: feni isipozunguka wakati wa kuwasha, mashine huandika kwenye skrini kuwa feni ina hitilafu, kisha hujizima.

Vifaa havitishi. Unahitaji bisibisi ya nyota ya PH0, na pengine PH00 kwa skrubu ndogo zaidi, brashi laini ya rangi isiyowahi kutumika, kibano, vijiti vya meno, karatasi laini, na bomba la sindano kutoka duka la dawa kwa ajili ya mafuta. Kompresa ya hewa au blowa ni msaada, ila si lazima. Tafuta pia mwongozo wa matengenezo wa modeli yako. Dell, HP na Lenovo huweka miongozo hiyo bure kwenye tovuti zao kwa laptopu zao za kiofisi, na inaonyesha kwa picha skrubu ipi itangulie. Dakika chache za kuusoma zitakuokoa usivunje vishikizo vya plastiki ambavyo kwa mashine ya zamani vimeshakuwa vikavu.

Nakili kazi zako kwenye flashi. Zima laptopu kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja na utoe betri. Ikiwa betri ni ya ndani, fungua mfuniko kisha chomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kingine chochote. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki uishe. Halafu shika chuma, kwa mfano nondo za dirisha. Huku kwetu kiangazi hewa ni kavu mno, na cheche ndogo kutoka kwenye sweta inatosha kuua mazabodi bila wewe kuisikia.

Skrubu zishughulikie kwa heshima. Mimi huchora umbo la laptopu kwenye karatasi ngumu na kuchomeka kila skrubu mahali ilipotoka. Hazilingani urefu. Ile ndefu ya kwenye bawaba ukiirudisha kwenye tundu la skrubu fupi, itatokea upande wa pili, au mbaya zaidi, itapasua njia za umeme kwenye bodi. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa pale nyaya zinapopita. Tepe za kibodi na za kipanya cha kugusa hushikwa na vifungio vyembamba vya plastiki vinavyoinuliwa kwa ukucha, na tepe hutoka yenyewe. Ukiona unatumia nguvu, simama kwanza: kuna skrubu umeisahau, mara nyingi chini ya kifuniko cha RAM au kwenye nafasi ya betri.

Ukishaifikia feni, angalia ilivyofungwa. Kwa baadhi ya laptopu feni inatoka peke yake, ukiacha bomba la shaba na kipozeo cha prosesa mahali pake. Kwa nyingine vyote ni kipande kimoja. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu ukishainua kipozeo kutoka juu ya prosesa, lazima upake upya ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto iliyo kati yao. Kama feni inatoka peke yake, toa feni tu na uache kipozeo kipumzike.

Sasa tazama kati ya feni na mapezi ya shaba, pale upepo unapotokea. Nikiwa na laptopu ya yule binti nilielekeza tochi ya simu hapo na sikuona shaba hata kidogo. Paliziba kwa utando mzito wa rangi ya kijivu uliochanganyika na wekundu wa udongo wetu, ulioshikana kwa nywele na nyuzi za kanga na blanketi, umelala bapa kwenye mapezi yote. Niliushika kwa kibano kwenye ncha moja, ukachomoka wote kwa pamoja, na upande wake wa ndani ukawa na mistari ya mapezi imejichora. Utando kama huu hauonekani kutoka nje. Ndiyo sababu kupuliza hewa kupitia tundu la ubavuni bila kufungua huwa hakusaidii inavyodhaniwa: unausukuma urudi kwenye mapanga ya feni, unakaa humo siku mbili tatu, kisha unarudi kwenye mapezi.

Utoe kwa kibano, malizia kwa brashi, kisha puliza. Unapopuliza, zuia mapanga kwa kijiti cha meno yasizunguke. Feni inayozungushwa kwa kompresa hupita kasi iliyotengenezewa, bushi huumia, na pia hugeuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye bodi kama bado imechomekwa. Usitumie kitambaa chenye maji. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani nayo iache, bomba lake la plastiki huzalisha umeme tuli.

Kama kelele ilikuwa uvumi tu, unaweza kuishia hapa na kufunga. Kama ilikuwa ya kusaga, endelea.

Feni nyingi za laptopu zina bushi ya madini ya shaba yenye vitundu vidogo mno vilivyojazwa mafuta kiwandani. Mhimili mwembamba wa chuma huzunguka ndani yake ukiogelea kwenye mafuta hayo. Miaka inavyopita mafuta hukauka, na yanayobaki huchanganyika na vumbi. Shika kitovu cha mapanga kwa vidole viwili na ukivute juu, wima. Kwenye feni nyingi kinashikiliwa na sumaku tu, hivyo utahisi ukinzani mdogo kisha kitachomoka na mhimili wake. Kisipochomoka kwa nguvu ya kawaida, kina kishikizo kwa ndani. Usikilazimishe. Jaribu kubandua karatasi ya katikati upande wa nyuma wa feni, uone kama kuna tundu la kudondoshea mafuta. Kama halipo, feni hiyo ni ya kubadilishwa.

Mhimili uliochomoka utazame kwenye mwanga. Ukiwa na ute mweusi, ufute kwa karatasi laini mpaka chuma king'ae. Sokota karatasi kwenye kijiti cha meno na usafishe ndani ya bushi, uzungushe, utoe, ubadilishe karatasi, mpaka itoke safi. Nyuzi nyembamba za shaba zinazozunguka bushi usiziguse, ukikata mmoja feni imekwisha. Halafu pitisha ukucha kwenye mhimili. Ukiwa laini, umepona. Ukihisi mfereji au ngazi, chuma kimelika, na mafuta yatakupa muda wa kutafuta feni nyingine, zaidi ya hapo hakuna.

Kuhusu mafuta nina msimamo mkali: mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi, na kila mtaa una fundi cherehani ambaye ukimwomba matone mawili kwa adabu hakunyimi. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi yakipata joto na hewa kwa muda. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma ziko chini sana ya hapo, kwa hiyo feni itaanza siku ikiwa imekwama. Grisi ni nzito mno kwa mota ndogo hivi. WD-40 ya kopo la kawaida, ambayo watu huipulizia kila kitu, ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Sehemu yake kubwa huyeyuka na kupotea, na ikipotea imeondoka na mafuta ya zamani yaliyokuwa yamebaki.

Tone moja ndani ya bushi linatosha. Rudisha mhimili taratibu. Yakifurika, yafute yote, kwa sababu feni ikizunguka itayarusha kwenye mapanga na mapanga yenye mafuta hukusanya vumbi haraka kuliko awali. Zungusha kwa kidole. Utahisi vituo vidogo vidogo, hiyo ni kazi ya sumaku na haina ubaya. Kisha tikisa kitovu kushoto na kulia. Kucheza kidogo sana ni kawaida. Kikicheza kiasi cha mapanga kugusa ukuta wa kasha, bushi imepanuka.

Kwa waliolazimika kuinua kipozeo: fungua skrubu zake kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake, futa dawa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, acha pakauke. Spiriti za hospitali nyingine huwa na mafuta ya mbarika ndani yake na huacha utando, soma chupa kwanza. Weka dawa mpya katikati ya prosesa, tone dogo, halafu kaza skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo. Usiisambaze kwa kidole.

Unaporudisha feni, hakikisha waya wake umelala kwenye njia yake, mbali na mapanga. Kabla ya kufunga mfuniko wote, rudisha betri, washa, na usikilize dakika chache. Ni rahisi kusogeza waya sasa kuliko kufungua skrubu zote upya usiku. Laptopu ya yule binti ilitulia kwenye nyuzi 50 na kitu, na feni ikawa inasikika tu ukisogeza sikio.

Siwezi kukuahidi muda. Feni iliyotiwa mafuta mapema, mhimili ukiwa bado laini, huweza kumaliza mwaka na zaidi. Iliyotiwa baada ya kusaga kwa muda mrefu hurudia baada ya wiki chache, na ikirudia usipoteze muda kuitia mafuta tena. Nunua feni. Ile ya zamani iende nawe mkononi unapokwenda dukani, au angalau picha ya karatasi iliyobandikwa juu yake. Linganisha namba ya spea, volti, ambazo kwa laptopu karibu zote ni 5, na idadi ya nyaya, tatu au nne. Feni ya nyaya tatu haichukui nafasi ya ile ya nyaya nne hata kama zinafanana umbo. Angalia pia kama laptopu yako ina kadi ya picha ya peke yake, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na feni mbili tofauti kulingana na hilo. Kwa mafundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, utapata pia feni zilizotolewa kwenye laptopu zilizokufa. Si vibaya, mradi ufanye majaribio yale yale: zungusha kwa kidole, tikisa kitovu, sikiliza.

Baada ya hapo iweke laptopu juu ya kitu kigumu. Kitanda, godoro na mto huziba matundu ya chini, na nyuzi zake ndizo zinazojenga ule utando. Kwa Dodoma, Singida na kwingine kwenye vumbi, mimi hufungua na kusafisha kila mwaka kiangazi kikiisha. Pwani vumbi ni dogo lakini chumvi ya hewa hushika chuma, kwa hiyo ukifungua kule angalia kutu kwenye mhimili na skrubu.

Na kama unanunua laptopu iliyotumika, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa ya baridi. Isikilize, kisha weka kiganja kwenye tundu la upepo ikishafanya kazi kidogo. Upepo wa moto unaotoka kwa nguvu ni dalili njema. Tundu lililochemka bila upepo maana yake utaanza kwa kununua feni, na hilo liingie kwenye bei. Muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka jingine.